UZI: Lugha ya saiti, ielewe kabla hujamkabidhi fundi hela (wajenzi wa Mtwara na Lindi piteni hapa)

msijute_junction:

Wakuu habari za muda huu. Minada ya korosho ikishaanza tu huku kwetu kila mtu anageuka mjenzi, ukipita Naliendele, Mangamba mpaka huko Mtawanya unakuta tripu za mchanga zimemwagwa kila kona na vijana wanafyatua tofali, na ugomvi nao unaanzia hapo hapo. Nimesimamia ujenzi wa ndugu zangu walioko Dar na wa mashemeji, na kwa nilivyoona mimi ugomvi mwingi wa fundi na mwenye nyumba hauanzi kwenye wizi, unaanza kwenye neno. Fundi anakwambia "mpaka boma nipe kiasi fulani", wewe kichwani unaona nyumba imebakiza bati tu, mwenzio anamaanisha tofali mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, halafu anachukua mwiko wake anaondoka. Hapo hajakudhulumu, mmepatana vitu viwili kwa neno moja.

Kwa hiyo nayapanga haya maneno kwa jinsi kazi inavyokwenda, na kila neno nitasema linaishia wapi maana bei ndo imekaa hapo. Mafundi na mainjinia mliomo humu rekebisheni, uzi wa wote huu.

Kiwanja sitakaa sana, nyuzi za ardhi zipo kibao. Kilichopimwa kina bikoni pembeni, ile zege yenye namba, ukiambiwa "kipo kwenye mchakato" maana yake hakijapimwa hicho, usijidanganye. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri na ramani ndo inayopelekwa huko. Twende saiti.

Kuseti ndo kuihamisha ramani kutoka kwenye karatasi kuja chini. Fundi anapiga vigingi na mbao za profaili kuzunguka, anavuta kamba, kamba ndo kuta zako. Hapa usikae kwenye kivuli cha mkorosho unachat, sogea. Kona inapimwa kwa tatu nne tano, unapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, ukiunganisha zile ncha mbili lazima usome mita 5 kamili, ikisoma tofauti kona haipo mraba. Halafu pima nyumba nzima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, njia zote mbili, zikilingana nyumba imekaa. Ukikubali kona mbovu hapa utakuja kulia kwenye tailizi, pale fundi anapokata vipande vya pembetatu ukutani. Uliza pia kama kuseti kuna bei yake au ipo ndani ya msingi, maana wengine wanaihesabu peke yake.

Msingi sasa. Neno hili ndo limegombanisha watu kuliko yote. Kuna kuchimba msingi, hiyo mara nyingi ni kazi ya vibarua na inalipwa kwa mita. Kuna zege la chini, wengine wanaita blaindingi, unalimwaga kwenye mtaro kabla ya tofali, kwa kawaida ni moja tatu sita yaani simenti moja mchanga tatu kokoto sita. Halafu zinakuja kozi za msingi, kozi ni mstari mmoja wa tofali kuzunguka nyumba. Ndo hapa utasikia kulaza na kusimamisha. Tofali letu la nchi 6 lina urefu wa nchi 18 na kimo cha nchi 9, ukilisimamisha ukuta unakuwa na unene wa nchi 6, ukililaza ukuta unakuwa wa nchi 9. Msingi watu wanalaza, juu wanasimamisha. Shida ni kwamba ukilaza tofali linakula zaidi, mita moja ya mraba ya kusimamisha inameza tofali kama 9 hivi, ya kulaza inakwenda 12 mpaka 13, na fundi wengi wanatoza kwa tofali. Sasa wewe ulipiga hesabu ya kusimamisha nyumba nzima, ukifika saiti unaambiwa tofali zimeisha na msingi bado, unaanza kumwita fundi mwizi.

Na kwa wa Lindi mjini kwenye miteremko ile ya kupanda kutoka baharini, upande mmoja unaweza kuwa kozi tatu upande wa pili kozi tisa. Msingi wa mteremko ni hela ndugu zangu. Mtu akikwambia "kozi tano zinatosha" bila kupima na mpira wa maji, ule mpira mweupe unaoonyesha usawa kwa maji, huyo anabahatisha.

Juu ya kozi za msingi kuna mkanda wa chini, zege lenye nondo linalozunguka. Si kila mtu anaweka ila kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua na kupasuka kiangazi usiuache. Baada ya hapo kifusi kinajazwa ndani, kinashindiliwa kidogo kidogo na maji, mawe yanapangwa, dawa ya mchwa inapigwa (kusini hii mchwa hawana adabu), naironi inatandikwa, ndo inamwagwa jamvi. Jamvi ni zege la sakafu, nchi 4, moja mbili nne.

Sasa swali la hela ni hili, fundi akisema "msingi" jamvi limo? Kifusi kimo? Nani anashindilia? Nimeona mtu kalipia "msingi" akabaki na shimo kubwa lenye kuta, kifusi tu kilikuja kumla hela aliyoitunza ya nondo. Kwenye karatasi andika "mpaka jamvi limemwagwa", usiandike "msingi".

Boma ni kuta zimesimama hakuna paa. Likikaa miaka likaota mpapai sebuleni linaitwa pagale. Kati ya boma na kupaua kuna linta, wengine wanatamka lenta, wengine renta, ni ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya madirisha na milango na kuzunguka nyumba nzima. Juu yake zinapanda kozi zingine kabla ya paa, hizo ndo zinazosahaulika kwenye mapatano! Fundi akisema anakufikisha kwenye linta muulize linta yenyewe imo au anaishia chini yake, na kozi za juu ya linta ni za nani. Maswali mawili tu yanaokoa urafiki.

Linta na nguzo zina maneno yake. Nondo unazijua, ringi ni zile nondo nyembamba zilizokunjwa kama boksi zinazoshika nondo kubwa, waya wa kufungia ndo unaofunga. Biskuti ni vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo isikae chini kabisa kwenye boksi ili zege izunguke pande zote. Kwa sisi wa pwani biskuti si urembo. Nondo ikikaa nje nje hewa ya chumvi inaifikia, inashika kutu, kutu inavimba na kupasua zege, ndo zile nguzo za baraza unazoziona Shangani na Mikindani zimeachama nondo zinachungulia. Boksi ni mbao za kushikilia zege, na chini yake mirunda, zile nguzo za miti za kuegemeza. Mbao, mirunda na misumari ni za nani? Andika.

Nondo nayo ina mchezo. Unaambiwa ni ya milimita 12 lakini kiwandani imetoka imekonda. Dawa yake ni mizani. Nondo halali ya 12 yenye urefu wa mita 12 inakuwa na kilo kama 10 na nusu hivi, ya 10 inakaribia kilo 7 na nusu, ya 16 kama kilo 19. Ukipima ya 12 ikasoma kilo 8 hiyo umeuziwa jina. Mwenye duka akikataa kupima nenda la pili.

Simenti tuna bahati, kiwanda cha Dangote kipo hapo Msijute tangu 2015, hatuna nauli ya kulalamikia kama watu wa mbali. Ila angalia namba kwenye mfuko. 32.5 inatosha kujengea na kupiga lipu, 42.5 ipeleke kwenye nguzo, linta na jamvi. Ile herufi R maana yake inakaza mapema, N ni ya mwendo wa kawaida.

Kupaua nitaendelea chini, vidole vimechoka na chai inapoa.

newala_juu:

Kaka asante, nimesevu. Mimi najenga huku Newala, swali langu ni maji. Fundi anasema jamvi na linta vimwagiliwe wiki nzima, huku juu kwetu maji ya kununua, ndoo ni hela na ukiwa na hela boza lenyewe linasumbua. Nimwagilie siku mbili niache?

msijute_junction:

Dada yangu usiache siku ya pili. Zege halikauki kama nguo, linakaza kwa kunywa maji, ukiyakatisha mapema linabaki laini na linapasuka juu. Siku 7 ndo kima cha chini, na zege linahesabiwa limefikia nguvu yake kwenye siku ya 28. Lakini kumwagilia si lazima uwe unarusha ndoo asubuhi na jioni kwenye jua. Jamvi lizungushie kingo za mchanga ulimwagie maji yatuame kidogo, au litandike magunia na majani uyaloweshe halafu funika na naironi ile iliyobaki, maji machache yanakaa muda mrefu. Linta funika magunia mabichi. Na kama unaweza panga zege lako wakati mvua zimeshaanza, huko Makonde juu mvua ni maji ya bure, ila usimwage siku mawingu yamekaa vibaya.

fundi_mwiko_masasi:

Mimi ni fundi na nimesoma yote, uzi mzuri lakini mleta uzi unatuonea kidogo. Wenye nyumba nao wana maneno yao. Anakwambia "nijengee kanyumba kadogo ka vyumba viwili na sebule", unafika saiti unakuta masta yenye choo ndani, dainingi, stoo, baraza mbele, baraza nyuma, na jiko la nje. Bei ile ile. Halafu katikati ya kazi anapiga simu kutoka Dar "fundi hapo ongeza dirisha". Dirisha likiongezwa baada ya kozi kupanda ni kubomoa na kujenga, hiyo ni kazi mpya, inaitwa nyongeza na ina bei yake. Andikeni na hilo.

Jingine, mchanganyiko. Mwenye nyumba anasema nichanganye moja kwa sita halafu simenti anayoleta inatosha moja kwa kumi. Nikijenga hivyo hivyo ukuta ukija kumung'unyuka wa kulaumiwa nani? Fundi. Na hizi tofali za kununua barabarani, mtu anatoa tofali 50 na zaidi kwenye mfuko mmoja wa kilo 50 anakuuzia bei ya kutupa, unalishusha kwenye kirikuu kona zinabaki kwenye bodi. Tofali liangushe kutoka usawa wa kiuno juu ya udongo, likivunjika vipande usilinunue. Au fyatua mwenyewe saiti ukiona kila mfuko unavyofunguliwa.

msijute_junction:

Mkuu hapo nakupa haki yako, nyongeza ni neno lazima liwepo kwenye karatasi, na iandikwe kabisa kwamba nyongeza bila maandishi au meseji hailipwi wala haijengwi. Inalinda wote.

lindi_ng'ambo:

Mjomba umegusa chumvi ukapita haraka. Mimi nipo Lindi mjini, nyumba niliyopanga ukuta chini unatoa magadi, rangi inavimba inadondoka kama unga, mwenye nyumba anapaka upya kila mwaka na kila mwaka inarudi. Fundi mmoja anasema ni mchanga wa baharini mwingine anasema ni unyevu. Nani mkweli?

msijute_junction:

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli mjomba. Magadi ni chumvi iliyomo ukutani, maji yanaiyeyusha yanapanda nayo, yakifika juu yanakauka na chumvi inabaki inasukuma rangi na lipu kutoka ndani. Chumvi inaweza kuwa imetoka kwenye mchanga wa ufukweni, kwenye maji ya kisima cha chumvi waliyochanganyia, au kwenye udongo wenyewe. Na maji yanapanda kwa sababu pale juu ya jamvi hawakuweka dipisii, ile karatasi nyeusi ya lami inayotandikwa ukutani chini ya tofali la kwanza kuzuia unyevu. Ni kitu cha hela ndogo sana na ndo cha kwanza kurukwa. Kupaka rangi juu yake ni kumpa kazi mwenye duka la rangi. Banduzeni lipu mpaka tofali, muache ukuta ukauke vizuri, mpige lipu yenye dawa ya kuzuia maji, na kama maji ya mvua yanatuama pembeni ya ukuta muyaondoe kwanza.

Mchanga wa baharini kwa zege lenye nondo achaneni nao kabisa. Ni karibu na ni rahisi najua, ila ile chumvi ndo inakula nondo. Chukua wa mtoni au wa machimbo ya bara. Na kokoto pia kuna zile za matumbawe zinazopondwa kwa nyundo huku pwani, nyepesi na zina vitundu vinavyonywa maji, wekeni kwenye vibaraza na njia. Nguzo na linta tafuteni kokoto za mwamba mgumu, za upande wa Masasi ziko vizuri.

Najua mtu atasema mbona wazee wa Kilwa Kisiwani walijenga kwa matumbawe na chokaa na kuta zimesimama karne na karne. Kweli kabisa, lakini kuta zile ni nene na hazina nondo ya kula kutu. Wewe unaweka chuma ndani.

Haya, kupaua.

Kwanza woplati, mbao inayolala juu ya ukuta, paa zima linakaa hapo. Halafu kenchi, yale mafremu ya pembetatu, watu wanatumia mbao za mbili kwa nne au mbili kwa sita kutegemea upana wa nyumba. Juu ya kenchi zinapigwa papi, mbao za mbili kwa mbili zinazolala, bati linapigiliwa kwenye papi. Kofia ni bati la kufunika mgongo wa juu, veli ni ile mifereji paa mbili zinapokutana, na karibu kila nyumba inayovuja inavujia kwenye veli. Fasha bodi ni ubao wa pembeni unaoficha vichwa vya kenchi. Gata mnaijua. Sasa fundi paa akisema "kupaua" fasha bodi na gata zimo? Wengi hawahesabu. Kupiga dawa mbao je? Mbao nyingi zinatoka kule Mafinga na Njombe, ukinunua zilizotiwa dawa tayari unaona zina rangi ya kijani kijani, lakini kila unapokata kichwa kinabaki kitupu, pakeni dawa pale mlipokata.

Bati. Geji inawachanganya watu kweli kweli. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ina unene karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, geji 32 ndo hiyo ukiikanyaga inabonyea. Msauzi na migongo mipana ni umbo tu, unaweza kuuziwa msauzi wa geji 32 ukafurahia rangi. Kwa pwani yetu mimi ningesema geji 28, na bati lililokatwa msichomelee wala kuburuta kwenye zege, rangi ikikwaruzwa kutu inaanzia hapo.

Na hapa kuna jambo watu wa kusini tunalichukulia kimzaha. Kimbunga. Wazee wa Lindi wana hadithi ya kile cha Aprili 1952 kilichopiga mji. Aprili 2019 Kenneth alishuka Msumbiji hapo jirani, Mtwara tulikaa roho juu. Mei 2024 akaja Hidaya, alikuwa ameshapungua nguvu lakini barabara ya Dar ilikatika huko Kilwa watu wakakwama. Sasa muulize fundi wako paa limefungwa na nini kwenye ukuta? Wengi woplati imekaa tu juu ya tofali kwa msumari wa hapa na pale, yaani uzito wa paa ndo ushikilie. Upepo hausukumi paa chini, unalinyanyua. Wakati wa kumwaga linta acheni vipande vya nondo nyembamba vimechomoza, vipandishwe kwenye zile kozi za juu, vije vikunjwe juu ya woplati, na kenchi zifungwe kwenye woplati kwa mkanda wa chuma. Vipande vichache tu, ila lazima viwekwe siku ya linta, ukikumbuka siku ya kupaua umechelewa.

kuchele_kuchele:

Mgongo wa tembo au kuficha bati? Wife anataka ya kuficha, anasema mgongo wa tembo ni wa nyumba za walimu wa zamani 😂😂

fundi_mwiko_masasi:

Hahaha mwambie shemeji nyumba za walimu hazivuji. Mgongo wa tembo paa lina pande mbili tu, maji yanashuka huku na huku, veli hakuna, mbao chache. Ya kuficha inabidi upandishe ukuta kuzunguka, ile parapeti, ndani bati linalala kidogo sana na maji yote yanakwenda kwenye gata moja ya ndani. Majani ya mwembe yakiziba hiyo gata mvua ya Februari moja tu maji yanashukia kwenye dari ya jipsam ya sebule. Inapendeza sikatai, na mimi nazijenga, lakini mpange hela ya gata nzuri na mtu wa kupanda kusafisha kabla ya msimu. Ukiwa na mti juu ya nyumba achana nayo.

kuchele_kuchele:

Mwembe upo tena wa bibi hauguswi. Basi tembo apite.

mtanda_girl:

Na mimi niulize kitu cha fenishi maana kila fundi ananitajia jina lake, lipu, plasta, niru, skimu, nimechanganyikiwa dada yenu. Nyumba imeshapauliwa.

msijute_junction:

Dada lipu na plasta ni kitu kimoja, ule mchanganyiko wa mchanga na simenti unaofunika tofali, moja kwa nne au moja kwa tano. Niru ni maji mazito ya simenti yanayopakwa juu kuziba vitundu ukuta uwe laini kidogo, ya kizamani na ya bei nafuu. Skimu ni ile ya unga mweupe, puti, inayoleta ukuta kama kioo tayari kwa rangi. Ukifanya skimu niru ya nini tena? Ukitajiwa zote mbili ndani uliza kwa nini.

Ila kabla ya lipu, dada usikubali lipu ipigwe kabla mabomba ya umeme hayajachimbiwa ukutani na mabomba ya maji hayajapita. Fundi umeme aje kwanza. Vinginevyo utalipia lipu halafu utalipia kuichana halafu utalipia kuziba. Fremu za milango pia zikae kabla. Dari za jipsam zinakaa kwenye blandaringi, ule mtandao wa mbao za mbili kwa mbili chini ya kenchi, na fundi jipsam wengi bei yao haina blandaringi, hiyo wanakutajia siku wamefika na ngazi. Tailizi uliza skatingi, vile vipande vya pembeni ukutani, vinahesabiwa kwa mita peke yake.

Choo cha nje kuna chemba, kile kisanduku cha kukagulia bomba likiziba, kuna septiki yenye sakafu na kuta ambapo uchafu unatulia, na kuna sokapiti, shimo la mwisho maji yanazama ardhini. Watu wengi wanalipia "shimo la choo" wanapata moja tu. Kama mna kisima karibu mliangalie hilo shimo kwa makini, liwe mbali na kisima, tena likae upande wa chini ya mteremko.

dar_kwa_sasa:

Mimi nipo Dar najenga Nachingwea kwa kutuma hela. Fundi kanipa bei ya "ufundi" na kanitumia orodha ya vifaa. Nifanyeje nisiliwe cha juu?

msijute_junction:

Mkuu ufundi ni hela ya mikono yake tu, vifaa ni vyako, maji ya saiti ni yako, na wakati mwingine hata chakula cha saidia fundi wanakuhesabia wewe, uliza. Cha juu kipo kwenye lile duka analokuchagulia yeye. Orodha hiyo hiyo ipeleke maduka mawili mengine Nachingwea na moja Masasi kwa simu, bila kutaja jina la fundi, utaona tofauti. Lipa duka moja kwa moja kwa simu upate risiti, mzigo upokelewe na ndugu yako anayehesabu mifuko, si fundi. Na usitume hela kwa mwezi, tuma kwa hatua: kuchimba na zege la chini, kozi za msingi, kifusi na jamvi, kuta mpaka chini ya linta, linta yenyewe, kozi za juu, paa. Kila hatua picha zije kabla ya hela ya inayofuata, na picha ya nondo ipigwe boksi likiwa wazi, kabla zege halijamwagwa.

fundi_mwiko_masasi:

Na fundi alipwe siku hatua imeisha, sio "subiri korosho za mnada wa pili". Na sisi tuna watoto.

dar_kwa_sasa:

Nimewaelewa wote wawili. Kesho napiga simu hayo maduka. Kwenye orodha kaandika "ringi bandali 4", bandali moja inakuwa na ngapi?

fundi_mwiko_masasi:

Inategemea duka, ndo maana usinunue kwa bandali. Mwambie akuandikie idadi ya ringi, vipimo vyake na unene wa nondo. Akishindwa kukuandikia hivyo vitatu njoo inbox nikukadirie kwa ramani yako.